Farasi wangu kijana ana pupa ya kuruka, nami nimeanza kumwogopa

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina farasi jike wa miaka mitano, ninaye tangu mwaka jana. Kwenye kazi ya kawaida ni mtulivu, lakini akiona kiunzi tu anabadilika. Hatua tatu za mwisho anachomoka, anaruka juu mno, na akitua anaendelea na mbio hadi mwisho wa uwanja. Miezi miwili iliyopita alitua, akarusha mateke, nikaangukia kichwa. Sikuumia sana, ila tangu hapo hata kiunzi cha sentimita 60 kinanigandisha mikono, moyo unanipanda kooni. Mwenzangu mmoja ananishauri nimwekee lijamu (chuma cha mdomoni) kali zaidi. Mwingine anasema nimkimbize mpaka achoke ndipo nimrushe. Nilikuwa na nia ya kumpeleka kwenye mashindano yake ya kwanza baada ya miezi mitatu. Nifanyeje nipate ujasiri?"

Marahaba, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonisimamisha hakikuwa kule kuanguka. Ni yale maneno "akitua anaendelea na mbio". Wengi wanaoniuliza jambo hili hunisimulia njia ya kukiendea kiunzi peke yake. Wewe umenisimulia na njia ya kutoka, na hiyo ya kutoka ndiyo iliyokumwaga. Basi sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa upande ule wa pili wa kiunzi, mahali ambapo watu hawapatazami.

Tuanze na farasi mwenyewe. Umesema anabadilika akiona kiunzi, na kichwa cha barua yako kilimwita mwenye pupa. Neno umelichagua vizuri, maana pupa si ari. Farasi mwenye ari husimamisha masikio mbele, hukitazama kiunzi, huendelea na mapigo yaleyale aliyokuwa nayo, na ukimwambia "bado" anakusubiri. Mwenye pupa huinua kichwa, huubonyeza mgongo chini, huchomoka, na akishavuka hukimbia kama aliyeponea chupuchupu. Wa kwanza anapenda kuruka. Wa pili anataka jambo liishe, kama mtoto anayemeza dawa chungu kwa mkupuo mmoja. Kwa maelezo yako huyu wako yuko karibu zaidi na wa pili, na kule kuruka juu mno kunanizidishia shaka hiyo: farasi kijana asiyejua kiunzi kinamdai nguvu kiasi gani hutoa zote alizonazo akihofia zisitoshe.

Sisemi haya kumshusha hadhi. Nasema ili ubadilishe picha uliyo nayo kichwani. Unadhani umempanda mnyama shujaa, na kwamba unachokosa ni ushujaa wa kulingana na wake. La. Mko wawili wenye wasiwasi, kila mmoja akimwona mwenzake ndiye anayemtia hofu. Ukiganda mikono, yeye anahisi kupitia mdomo wake kwamba mbele kuna hatari. Akichomoka, wewe unahisi kupitia kiuno chako kwamba mambo yameshaharibika. Mnalishana.

Kabla ya zoezi lolote, hakikisha hana maumivu. Hapa sitakaa sana, lakini usipapite. Daktari wa mifugo amkague mgongo na miguu, hasa ya nyuma. Meno yaangaliwe, kwa kuwa jino lenye ncha kali linaweza kuugeuza kila mvuto wa hatamu kuwa kisu. Tandiko lipimwe upya: farasi wa umri huo bado anajijenga, mabega yanapanuka, mgongo unajaa misuli, na tandiko lililomkaa vyema mwaka jana linaweza kuwa linambana leo. Yale mateke ya baada ya kutua ndiyo ninayoyatilia shaka kuliko yote. Inawezekana ni ujana tu. Inawezekana pia ni mgongo unaouma kila anapotua na uzito wako ukamshukia. Mifupa ya uti wa mgongo wa farasi ni miongoni mwa ya mwisho kumaliza kukua, na kwa wengi hilo hukamilika baada ya kutimiza miaka mitano, kwa hiyo huyu bado yuko njiani. Siku za kuruka ziwe moja kwa wiki, zikizidi sana mbili, na kila mara viunzi vyenyewe visizidi dakika 20.

Angalia na maisha yake ya nje ya uwanja. Akishinda amefungiwa bandani na analishwa nafaka za farasi wa kazi nzito, moto huo umeuwasha wewe mwenyewe. Nafaka zipungue, nyasi ziongezeke, na apate saa nyingi za kutembea huru. Na yule anayekushauri umkimbize mpaka achoke, mshukuru kisha uache. Ukimkimbiza kila siku unamjenga awe na pumzi zaidi, na baada ya mwezi utahitaji mwendo mrefu mara mbili ili umchoshe. Isitoshe farasi aliyechoka haruki vizuri. Hugonga miti ya viunzi, huumia, na kesho yake hukumbuka.

Sasa macho yake, maana watu wengi humlaumu farasi kwa jambo ambalo ni la maumbile. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote, lakini kuna sehemu asiyoiona mbele tu ya paji la uso na nyingine chini ya pua. Ili akipime kiunzi anachokiendea anahitaji uhuru wa kuinua na kushusha kichwa, na wakati wa kujirusha sehemu kubwa ya kiunzi inakuwa imeshamtoka machoni. Anaruka kwa kukumbuka alichokiona hatua chache nyuma. Sasa mkabe kichwa katika hatua hizohizo chache, uone kama hatachomoka. Mtu ukimfunga kitambaa usoni mbele ya mtaro, naye ataruka kwa nguvu zote ili mradi afike ng'ambo.

Rangi nazo haoni kama sisi. Nyekundu na kijani humchanganyikia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walipochunguza viunzi vya mbio za farasi huko Uingereza, walikuta kwamba rangi ya machungwa iliyozoeleka, ambayo kwa jicho letu inawaka, kwa jicho la farasi inapotelea kwenye majani, na mbio hizo zikaanza kuhamia rangi nyeupe. Kwako wewe maana yake ni nyepesi: mti wa juu na mti ulio mguuni mwa kiunzi viwe vyeupe, na huo wa mguuni usogezwe mbele sentimita 20 au 30 upande anaokuja. Atajua mapema pa kuondokea. Kazi ya dakika tano, na mara nyingine inaondoa theluthi ya pupa siku hiyohiyo.

Lijamu kali sasa. Zamani wapandaji waliruka wakiegemea nyuma, miguu imetangulia mbele, hatamu wamezikaza. Mwishoni mwa karne ya 19 ofisa wa kikosi cha wapanda farasi cha Italia, Federico Caprilli (1868–1907), alijiuliza kwa nini farasi anaporuka peke yake bila mtu mgongoni huonekana mwepesi kiasi kile. Jibu lilikuwa shingo. Farasi huirefusha shingo yake na kuitumia kujipima, kama mtu anavyonyoosha mikono akipita juu ya gogo jembamba. Caprilli akawafundisha askari wake wafupishe mikanda ya vikuku (vyuma vya kuwekea miguu), wainame mbele pamoja na farasi, na mkono uufuate mdomo. Walimcheka mwanzoni. Leo kila anayeruka viunzi duniani anakaa kwa namna iliyotokana na yake. Ukimwekea farasi mwenye wasiwasi lijamu linalouma, unaichukua tena ile shingo aliyoachiwa. Atainua kichwa kulikwepa, mgongo utabonyea zaidi, na mgongo uliobonyea hauwezi kwenda polepole hata ukitaka. Sisemi lijamu lolote lenye nguvu ni haramu. Nimeona wapandaji wenye mikono ya hariri wakilitumia bila madhara. Lakini mkono uliogandishwa na woga, na wewe umekiri wako unaganda, haustahili kupewa silaha.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo nikiwa kijana. Nilimvuta farasi, naye akavuta. Nikabadilisha lijamu, akajifunza kuvutana na hilo pia. Mwalimu wangu siku moja akazifunga hatamu fundo shingoni mwa farasi, akanitaka niruke safu ya viunzi iliyozungushiwa ua pande zote nikiwa nimeshika mkanda wa shingoni tu. Nilimwona kama anayenitakia kifo. Mruko wa kwanza na wa pili ulikuwa ni mbio mtupu. Wa tatu sikumbuki. Wa nne farasi alishusha kichwa, akakitazama kiunzi, akapunguza mwendo mwenyewe, na mimi nilikuwa sijamgusa. (Usilijaribu hili peke yako, lilikuwa na ua, lilikuwa na mwalimu, na mimi nilikuwa na ubishi wa miaka ishirini.) Unachoweza kukichukua leo ni ule mkanda wa shingoni. Mvishe, na kila unapofika kwenye kiunzi kidole kimoja cha kila mkono kiwe kimeushika. Ukibaki nyuma, utauvuta mkanda, hutauvuta mdomo.

Kosa jingine ni la mguu, na aliye kando ya uwanja halioni. Mpandaji wa farasi mwenye moto huiondoa miguu yake mbavuni kama anayeogopa kuungua. Inaonekana busara: anakwenda kasi, kwa nini nimguse? Lakini ukiondoa mguu umebaki na mikono tu, huna usukani, huna namna ya kumwambia anyooke. Kisha, hatua ya mwisho, woga unakufanya ubane ghafla. Farasi ambaye hajaguswa kwa dakika nzima anapigwa mbavu zote mbili mbele ya kiunzi; si atalipuka? Huyu wako anahitaji mguu zaidi ya farasi mvivu, ila mguu tulivu, unaomgusa tangu anapotoka bandani hadi anaporudi, mpaka mguso wenyewe usiwe habari. Tumia wiki nzima kwa jambo hilo tu, bila kiunzi chochote. Mguu uguse, naye asiongeze mwendo. Akiongeza, usiuondoe, mzungushe duara, mrudishe kwenye mapigo yake, mguu ubaki palepale.

Wiki hiyohiyo fanya zoezi la kuhesabu. Mpeleke shoti ya taratibu, ule mwendo wa mapigo matatu, uhesabu kwa sauti hatua tano ndefu, kisha tano fupi, kisha tano ndefu. Kufupisha usikufanye kwa kuvuta. Nyoosha mgongo wako, toa pumzi, funga vidole sekunde moja, viachie. Usipoviachia, hajui kama amefanya ulichomwomba. Ukiweza kumfupisha na kumrefusha hivyo kona zote nne, tayari una nusu ya unachokitafuta, na hujaona kiunzi bado.

Halafu miti ya chini. Tupa miti sita au saba uwanjani ovyo, isipangike, na uipite huku na huku: kwa kutembea, kwa matiti (ule mwendo wa mapigo mawili), kisha kwa shoti ya taratibu. Pita juu ya mmoja, uzunguke wa pili, simama mbele ya wa tatu umpapase shingo, ugeuke. Tunataka aache kuuona mti kama tangazo la mbio. Siku za mwanzo atachomoka hata kwenye mti uliolala, nawe utashangaa moyo wako unavyodunda kwa kitu kisichofika kifundo cha mguu. Sawa kabisa. Hiyo ndiyo nafasi yenu ya kuzoeana na hofu ikiwa bado ndogo. Baadaye panga mitatu au minne kwa mstari, mita 1.3 kati ya mmoja na mwingine, aipite kwa matiti akiwa ameinamisha shingo. Kama bado anaongeza kasi kwenye huo mstari, usijenge kiunzi. Hata ikichukua wiki tatu.

Kiunzi cha kwanza kiwe msalaba, yaani miti miwili iliyopishana, katikati usizidi sentimita 40. Msalaba una faida ya kumwonyesha farasi pa kupita, na wewe huhitaji kumlenga sana. Uendee kwa matiti, si kwa shoti. Mita 2.5 mbele ya msalaba laza mti mmoja. Huo utampangia hatua ya kuondokea, nawe hutahitaji kubahatisha. Na sasa lile la upande wa pili: mita 3 hivi baada ya msalaba laza mti mwingine. Farasi anayetaka kutua na kukimbia atalazimika kutazama chini ajue miguu aiweke wapi, na akitazama chini shingo inashuka, mgongo unapanda, mbio zinakatika zenyewe bila ugomvi na mtu.

Baada ya mti huo, kila mara, fanya jambo lilelile ulilolipanga kabla hujaanza. Mimi huwataka wanafunzi wangu wahesabu hatua nne kwa sauti, waingie duara la mita 20, wabaki humo mpaka mapigo yatulie, warudi kwenye kutembea. Hata kama mruko ulikuwa mzuri. Hasa kama ulikuwa mzuri. Baada ya mara kumi na tano farasi ataanza kujiandaa kwa duara akiwa bado hewani, na hapo ndipo pupa inapovunjika, maana hana tena pa kukimbilia. Wako anakwenda hadi mwisho wa uwanja kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuna kazi nyingine kati ya kiunzi na ukuta.

Watu huuliza: akianza kuchomoka nikiwa njiani kukiendea, nimgeuze? Ndiyo, lakini mapema. Weka kigingi au kipande cha mti pembeni, hatua tano za farasi kabla ya kiunzi. Kabla ya alama hiyo una ruhusa ya kumzungusha duara mara nyingi upendavyo, bila hasira. Ukishaipita, mnaruka hata kama si vizuri. Ukizoea kumgeuza hatua mbili kabla, utakuwa umemfundisha kukikwepa kiunzi, na utaniandikia barua nyingine yenye tatizo jingine.

Usichanganye utulivu na uzembe pia. Nimeona wapandaji waoga wakimpooza farasi mpaka anafika kwenye kiunzi kama anayesinzia, kisha anajirusha kwa mtupo wa ghafla ulio mgumu kuukalia kuliko mbio. Kiunzi kinadai nguvu. Unachopunguza ni haraka, nguvu ibaki. Utajuaje tofauti? Sikiliza kwato. Mapigo yakiwa sawasawa kama saa ya ukutani, mwendo hata ukiwa mkubwa ni salama. Yakianza kukimbizana, mwendo hata ukiwa mdogo una hatari.

Msalaba ukiwa hauna habari tena, jenga safu. Mti wa chini, mita 2.5, msalaba, mita 5.5, kiunzi cha wima cha sentimita 50, mita 6.3 hivi, kiunzi kipana kidogo chenye miti miwili, wa mbele sentimita 50 na wa nyuma 55. Unaingia kwa matiti, na kati ya kila kiunzi na kingine ana hatua moja tu ya shoti. Vijenge kimoja kimoja, siku tofauti ikibidi. Vipimo hivi vimebanwa makusudi. Hatua ya farasi wa kimo cha kawaida katika shoti ya mashindano hukadiriwa mita 3.6, yaani hatua zako nne kubwa za miguu, na viunzi vikubwa huachiwa mita 7.2 au zaidi kwa hatua moja. Lakini anayeingia kwa matiti kwenye viunzi vidogo hahitaji nafasi hiyo, na ukimpa atajifunza kuinyoosha. Akiwa mfupi wa umbo, punguza sentimita 20 na umtazame. Mti wa nyuma wa kiunzi kipana uukalishe kwenye vishikio vinavyoachia ukigongwa. Hilo halina mjadala.

Uzuri wa safu ni kwamba inamfundisha yeye nawe huku ukiwa huna la kuamua. Kazi yako ni moja: tazama kitu kilicho mbali, juu ya usawa wa masikio yake, na uhesabu. Ukitazama mti utakaouruka, kichwa chako kinashuka, mabega yanafuata, na uzito unahamia kwenye mabega ya farasi wakati anataka kuyainua.

Hapo nimefika kwenye swali lako lenyewe. Umeuliza upate wapi ujasiri, nami nimejaza kurasa kwa habari za miti na vipimo. Ni makusudi. Woga wako si ugonjwa. Ulianguka ukagonga kichwa, na mwili wako umeandika kumbukumbu ya haki kabisa. Hautafutika kwa kujiambia "jikaze". Unapungua mwili unapopata ushahidi mpya, mara nyingi, katika kiwango unachoweza kukistahimili. Kwa hiyo kabla ya kila zoezi jipe namba: moja ni uchovu wa kuchoshwa, kumi ni kutaka kushuka na kukimbia. Fanya kazi kwenye tatu na nne. Ikifika sita, rudi nyuma hatua moja, hata kama mwenzako amesimama kando anatazama. Ikishuka hadi mbili siku mbili mfululizo, pandisha sentimita tano. Na uache siku hiyo ungali unataka mruko mmoja zaidi. Huo mmoja wa ziada ndio unaowaangusha watu.

Kuhusu pumzi: ukiwa na hofu utazuia pumzi bila kujua, na tumbo likikakamaa unageuka gogo juu ya tandiko. Kujiambia "pumua" hakusaidii, utasahau. Imba, au hesabu kwa sauti ya kusikika hadi langoni. Mtu hawezi kuhesabu kwa sauti huku amezuia pumzi. Utaona aibu siku mbili, basi. Na kuimba kuna faida nyingine: wimbo una mapigo, nawe utagundua mara moja farasi anapoyaacha.

Kuna mambo mawili ningeyafanya sambamba, kama mfuko na nafasi vinaruhusu. La kwanza, panda farasi mzee aliyeruka maelfu ya viunzi, mara moja kwa wiki, umrushe yeye sentimita 70 na 80. Mwili wako unahitaji kukumbuka kwamba kuruka kunapendeza, na huyu wako kijana hawezi kukukumbusha hilo sasa. La pili, mpe mpandaji mzoefu, mwenye mkono mlaini, amrushe farasi wako siku moja moja ukiwa unatazama. Usione kama umeshindwa. Kijana kumfundisha kijana ni kazi ngumu kwa pande zote mbili. Wewe si kijana kwa umri, lakini kwa viunzi bado. Na kama baada ya miezi sita bado kila mruko ni namba saba kwako, zungumzeni kwa uwazi na mwalimu wako kuhusu kama mnafaana. Nimeona wapandaji wazuri wakipoteza miaka kwa farasi wazuri wasiokuwa wao.

Mashindano ya miezi mitatu, kwa maoni yangu, nenda, ila usiruke. Mpeleke akaone bendera, vipaza sauti na farasi wageni, umtembeze, umpandie kwenye uwanja wa maandalizi kama amepoa, urudi naye. Safari ya pili ingia daraja la chini kuliko mnaloruka nyumbani kwa sentimita 20, kwa matiti ikibidi. Hakuna linalokukimbiza. Katika Michezo ya Olimpiki farasi wa kuruka haruhusiwi akiwa chini ya miaka 9. Waliopanga hivyo wanajua mwili na akili ya mnyama huyu vinachukua muda gani kukamilika. Wako ana mitano.

Nimeacha la kofia mwisho, na hukulitaja kwenye barua. Kofia uliyoiangukia miezi miwili iliyopita, hata kama haina ufa unaoonekana, imeshatumika. Povu lake la ndani hubonyea mara moja na halirudi. Kama ndiyo unayoivaa hadi leo, usimpandie tena kabla hujapata nyingine. Na kama tangu siku ile umekuwa na maumivu ya kichwa, kizunguzungu au usingizi usioeleweka, nenda hospitali kwanza, miti itakusubiri.